Asilimia 40 ya nini? Kisa cha kompyuta iliyopewa kazi ya kupoza kompyuta

Mchoro wenyewe ni mstari mmoja tu. Unaanzia kushoto ukiwa juu, unatetema kidogo, kisha unaporomoka kama mtu aliyekosea ngazi. Unakaa chini kwa muda, halafu unapanda tena hadi karibu pale ulipotoka. Mahali unapoporomoka pameandikwa kwamba mfumo wa akili mnemba unaosimamia upozaji umewashwa. Mahali unapopanda, umezimwa. Google na DeepMind, kampuni yake ya akili mnemba, waliutoa tarehe 20 Julai 2016, ukionyesha siku moja ya majaribio kwenye kituo cha data, yaani jengo lililojaa kompyuta za seva, ambacho jina lake halikutajwa. Pamoja nao ilitoka namba iliyozunguka dunia: umeme wa kupozea umepungua kwa asilimia 40.

Tangu hapo nimeisikia namba hiyo kwenye semina, kwenye makundi ya WhatsApp ya mafundi, na mara moja kwenye hotuba ya mgeni rasmi, na kila inapopita inazidi kunenepa. "Akili mnemba imepunguza umeme wa Google kwa asilimia 40." Hapana. Haikupunguza hivyo, na wenyewe hawakusema hivyo. Walichosema ni kizuri, lakini ni kidogo kuliko hicho, na ukikifuata mwaka hadi mwaka unakuta habari inayonoga kuliko tangazo lenyewe.

Jiko lisilopika

Seva ni jiko lisilopika. Umeme wote unaoingia ndani yake hutoka ukiwa joto, iwe imepiga hesabu za maana au imechezesha video ya paka. Weka seva elfu kadhaa kwenye jengo moja na unakuwa na tanuri. Joto lisipotolewa, ndani ya dakika chache mashine zinaanza kujizima zenyewe ili zisiungue.

Linatolewaje? Hewa ya moto inayotoka nyuma ya seva inasukumwa ipite kwenye mabomba yenye maji baridi. Maji yanalibeba lile joto, pampu zinayapeleka nje, na huko yanapanda mnara wa kupozea. Mnara huo unafanya kazi ile ile ya mtungi wa bibi. Maji yanajipenyeza kwenye udongo wa mtungi, yanakauka juu ya ngozi yake, na kila tone linalokauka linaondoka na joto. Yaliyobaki ndani yanapoa. Kwenye mnara maji yananyunyizwa, feni zinapitisha hewa, sehemu ndogo inageuka mvuke, na sehemu kubwa inarudi ndani ikiwa imepoa. Pale ambapo mnara hautoshi, chila inaongezewa, na chila ndiyo mlaji mkubwa: ni jokofu kwa ukubwa wa basi.

Aliyewahi kunywa maji ya mtungi Dodoma na Unguja anajua tatizo lililobaki. Dodoma hewa ni kavu, mtungi unapoza hasa. Unguja wakati wa masika hewa imeshiba maji, na mtungi unakaa tu kama pambo. Wahandisi hupima jambo hilo kwa kipimajoto kilichofungwa kitambaa kilicholowa, na kipimo hicho kinabadilika saa kwa saa. Kwa hiyo mipangilio iliyofaa saa nne asubuhi inaweza kuwa hasara saa kumi jioni.

Juu ya hapo, vifaa vyenyewe vinavutana. Ukiyapoza maji zaidi, feni za ndani zinapumzika lakini chila inahema. Ukipunguza mwendo wa pampu unaokoa umeme hapa na kuutumia kule. Hata mambo yanayoonekana wazi si wazi. Chukua feni mbili za mnara. Fundi mwenye nia njema atazima moja ili kubana matumizi na kuacha nyingine ikizunguka kwa kasi yote. Amekosea. Umeme wa feni unakwenda kwa mchemraba wa kasi yake: ukiizungusha nusu kasi, inahitaji moja ya nane tu ya umeme. Feni mbili zikizunguka nusu kasi, hewa inayopita ni ile ile ya feni moja kwa kasi kamili, lakini umeme ni robo. Sasa fikiria jengo lenye feni, pampu, minara na chila kwa makumi, kila kimoja kikiwa na kasi yake na nyuzijoto zake, na hali ya hewa nje haitulii. Hakuna msimamizi wa zamu, hata awe bingwa, anayeweza kushika michanganyiko yote hiyo kichwani. Anachofanya ni kuchagua mipangilio michache anayoiamini na kushikamana nayo. Mimi ningefanya vivyo hivyo.

Sekta hii hujipima kwa uwiano unaoitwa PUE: umeme wote wa jengo ukigawanywa kwa umeme uliofika kwenye seva. Ukipata 1.0, hakuna kilichopotea njiani. Uchunguzi wa kila mwaka wa Uptime Institute, taasisi inayofuatilia vituo vya data, umekuwa ukionyesha wastani wa dunia karibu 1.6 kwa miaka mingi. Yaani kwa kila shilingi 100 za seva, nyingine 60 hivi zinakwenda kwenye kupoza, taa na hasara za umeme njiani. Google wakati wa tangazo walikuwa na wastani wa 1.12 kwenye vituo vyao vyote. Iweke akilini namba hiyo ya 1.12. Bila yake asilimia 40 haina maana.

Muda wa mtu mmoja

Kisa kilianza kabla ya DeepMind kuingia. Jim Gao alikuwa mhandisi wa vituo vya data hapo Google, na kampuni ilikuwa na utaratibu wa kumruhusu mfanyakazi kutumia sehemu ya tano ya muda wake kwa jambo analolipenda. Yeye alijisomea kujifunza kwa mashine, akaanza kuchezea data ambazo tayari zilikuwa zinamiminika kila siku na kuishia kwenye ghala. Google walikuwa wanapima PUE kila sekunde 30, pamoja na joto la nje, mzigo wa seva na mipangilio ya mitambo. Hakuna aliyezikusanya kwa ajili yake. Zilikuwepo tu.

Mwaka 2014 alitoa andiko lake. Mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano, wa tabaka tano za ndani, nodi 50 kila tabaka, ukilishwa vigezo 19: mzigo wa seva, idadi ya pampu zinazofanya kazi, idadi ya minara, upepo, unyevu wa hewa, na vinginevyo. Aliufundisha na kuupima kwa vipimo 184,435 vilivyochukuliwa kila baada ya dakika tano kwa takriban miaka miwili. Ulipoulizwa PUE ya kituo itakuwa ngapi, ulikosea kwa 0.004 tu kwa wastani. Mwezi Mei mwaka huo Joe Kava, aliyekuwa akisimamia vituo vya data vya Google, alisimulia jinsi mtandao huo ulivyowafaa mapema: walilazimika kuzima baadhi ya seva kwa siku kadhaa, jambo ambalo kwa kawaida huharibu ufanisi wa kituo, na wakautumia kupanga upya upozaji kwa muda ili hasara iwe ndogo.

Nataka nikae hapa kidogo kwa sababu ndipo wengi wanaporuka. Mtandao wa tabaka tano hata mwaka 2014 haukuwa maajabu. Leo mwanafunzi wa chuo anauandika mchana mmoja. Kilichokuwa adimu ni zile safu 184,435 za vipimo safi, kila kimoja kikiwa na saa yake, kutoka kwenye mita zinazoaminika. Mita hizo zilifungwa miaka kabla, na watu ambao majina yao hayamo kwenye andiko lolote.

DeepMind inaingia

Google waliinunua DeepMind ya London mwaka 2014. Machi 2016 programu yao ya AlphaGo ilimshinda Lee Sedol, bingwa wa mchezo wa ubao wa Go, mjini Seoul kwa michezo minne kwa mmoja, na miezi minne baadaye ndipo mchoro wa kupoza ulipotoka. Ukiangalia kalenda hiyo unaelewa kwa nini habari ilipokelewa kwa vigelegele: aliyemshinda bingwa wa Go, kiyoyozi kitamshinda vipi?

Kazi yenyewe ilikuwa ya kiungwana kuliko kelele zake. Jim Gao na Rich Evans wa DeepMind walieleza kwamba walifundisha mitandao kutabiri wastani wa PUE ya baadaye, si ya sasa hivi tu. Pembeni wakafundisha makundi mengine mawili ya mitandao ya kutabiri joto na mgandamizo ndani ya kituo kwa saa moja ijayo. Kazi ya hayo mawili ilikuwa ulinzi: kabla ya pendekezo lolote kufanyiwa kazi, yaulizwe kwanza kama jengo litavuka mipaka yake. Kisha wakauweka mfumo kwenye kituo kinachofanya kazi, wakawasha, wakazima, na ule mstari ukaporomoka na kupanda.

Sasa asilimia 40. Kwenye tangazo hilo hilo, sentensi ile ile, waliandika kwamba hiyo ni sawa na kupungua kwa asilimia 15 ya ziada ya PUE, yaani kile kinachozidi 1.0, baada ya kuhesabu hasara za umeme na mengine yasiyohusu kupoza. Sehemu ya kwanza ya sentensi ilipanda ndege. Ya pili ilibaki uwanjani.

Tupige hesabu. PUE ya kituo husika hawakuitoa, basi tutumie wastani wao wa 1.12 kama mfano. Kwa kila uniti 100 za seva, ziada ni 12. Asilimia 15 ya 12 ni 1.8. Jengo lililokuwa linakula uniti 112 sasa linakula 110.2. Punguzo la umeme wote: asilimia 1.6.

Na hesabu hiyo yenyewe inakuambia jambo jingine. Kama kupunguza kupoza kwa 40 kumepunguza ziada kwa 15, basi kupoza kulikuwa takriban asilimia 38 ya ziada. Sehemu kubwa iliyobaki, hasara za transfoma, betri na mengineyo, haikuguswa.

Je, 1.6 ni kidogo? Inategemea unasimama wapi. Google walisema mwaka 2015 walitumia terawati-saa 5.7. Asilimia 1.6 ya hapo, kama ingepatikana kila kituo, ni gigawati-saa 90 hivi kwa mwaka. Hakuna mhandisi anayedharau gigawati-saa 90 zilizopatikana bila kununua bomba hata moja. Ninachokataa ni kuiita 40 bila kutaja ya nini.

Kukabidhi usukani

Toleo la 2016 lilikuwa linapendekeza tu. Mfumo unasema, msimamizi anasoma, anaamua, anabonyeza. Wasimamizi wakagundua kwamba baadhi ya mapendekezo yanahitaji kazi nyingi mno ya mkono kwa faida inayopatikana. Agosti 2018 Google na DeepMind wakatangaza hatua ya pili: mfumo unaendesha upozaji wenyewe. Kila dakika tano unachukua picha ya jengo kutoka kwa maelfu ya vihisi, unaipeleka kwenye mitandao ya neva iliyo kwenye wingu, yaani kompyuta za mbali, unachagua hatua itakayokula umeme kidogo bila kuvunja mipaka, na hatua hiyo inarudi kwenye kituo kutekelezwa.

Kwangu mimi sehemu bora ya kisa chote ni hii, na haihusu ujanja wa kubana umeme hata kidogo. Inahusu woga. Walijenga kinga nane. Mfumo unakadiria una uhakika kiasi gani na kila hatua, na zile zenye uhakika mdogo zinatupwa hata kama zinaahidi faida. Hatua iliyochaguliwa inakaguliwa mara mbili: kwanza kwenye wingu dhidi ya orodha ya masharti yaliyoandikwa na wasimamizi wenyewe, kisha tena na mfumo wa udhibiti wa pale pale kituoni, ambao haumwamini mtu wa mbali. Mawasiliano yakikatika, mfumo wa zamani wa kanuni unashika usukani bila kushtua mitambo. Na msimamizi anaweza kuuzima wakati wowote anaotaka. Zaidi ya yote, mipaka waliyoupa iliwekwa finyu kwa makusudi, finyu kuliko uwezo halisi wa mitambo. Waliamua kuacha sehemu ya faida mezani ili walale usingizi.

Mmoja wa wasimamizi alieleza kwamba mfumo ulijifunza wenyewe kuitumia baridi ya msimu wa kipupwe na kutengeneza maji baridi kuliko kawaida, jambo lililopunguza umeme wa kupozea. Hakuna aliyeuandikia kanuni hiyo.

Matokeo? Ulianza na akiba ya asilimia 12 na baada ya miezi tisa ukafika karibu 30, kadiri data zilivyoongezeka. Wastani wa 30.

Umeona kilichotokea kwenye namba? Majaribio ya 2016 yalitoa 40. Miezi kadhaa ya kazi halisi, ikiwa na mipaka ya usalama, ikatoa wastani wa 30. Novemba 2022 ukatoka utafiti wa tatu, na safari hii DeepMind na Google walitoka nje ya boma lao: walishirikiana na Trane Technologies, watengenezaji wa mifumo ya kupozea majengo, wakajaribu kwenye majengo mawili ya watu wengine. Akiba: takriban asilimia 9 kwenye moja na 13 kwenye jingine.

Siyo haki kuziweka namba hizi kwenye mstari mmoja kana kwamba zimepima kitu kimoja. Majengo ni tofauti, vifaa ni tofauti, na msingi wa kulinganishia haufanani. Lakini mwelekeo wake haunishangazi. Kadiri unavyoondoka kwenye majaribio uliyoyapanga mwenyewe, kwenye jengo unalolimiliki na mita ulizofunga mwenyewe, ndivyo namba inavyonyenyekea. Na nawapa heko wale wa 2022, maana andiko lao halijivunii 9 na 13. Sehemu kubwa yake ni kueleza vikwazo: namna ya kupima akiba wakati leo si jana, namna ya kutii mipaka ya mitambo, na namna ya kujifunza kutoka data za zamani.

Hicho cha mwisho nakijua kwa ngozi yangu.

Nyuzi 16

Niliwahi kutunza chumba cha seva cha ofisi moja ya kawaida, mjini, karibu na bahari. Makabati matatu, viyoyozi viwili vya ukutani, rimoti moja iliyofungwa kwa rababendi kwenye msumari. Viyoyozi vilikuwa kwenye nyuzi 16 usiku na mchana, mwaka mzima. Kwa nini 16? Kwa sababu rimoti haikushuka zaidi ya hapo. Aliyeniachia kazi aliniambia, "Kaka, hiyo usiiguse," na aliyemwachia yeye alimwambia hivyo hivyo. Tulikuwa tunaingia humo na makoti.

Sasa chukua kumbukumbu za chumba kile za miaka mitano uzipe mtandao wa neva mkubwa kuliko wote duniani. Utajifunza nini? Utajifunza 16. Hauwezi kujua kinachotokea kwenye 22 kwa sababu haijawahi kutokea. Data nyingi zisizo na tofauti ndani yake ni mtu mmoja anayerudia sentensi moja, na hilo ndilo tatizo la majengo mengi, yawe na vihisi au yasiwe navyo: wasimamizi waangalifu hawagusi kitu, na mashine haina cha kujifunza kutoka kwa uangalifu wao.

Ndiyo maana napenda kuwatajia watu utafiti mwingine wa Google ambao haukupata vigelegele. Nevena Lazic na wenzake waliuwasilisha kwenye mkutano wa akili mnemba wa NeurIPS mwaka 2018. Wao walishughulikia ndani ya ukumbi wa seva, kasi ya feni na valvu za maji, na badala ya mitandao yenye kina walitumia mfano wa mstari ulionyooka, hesabu za kawaida kabisa. Hawakuanza na historia ya miaka. Waliuacha mfumo uchezecheze vidhibiti taratibu, ndani ya mipaka salama, kwa saa chache, uone kila kimoja kinafanya nini. Baada ya hapo uliweza kuuendesha ukumbi kwa usalama. Saa chache za kujaribu kwa adabu zilifaa kuliko miaka ya kutogusa. Kama ningekuwa na hoteli au hospitali ya kupoza, hapo ndipo ningeanzia kusoma.

Maji, na ile namba nyingine

Mambo mawili PUE haiyaoni.

La kwanza ni maji. Mtungi unapoza kwa kupoteza maji, na mnara ni hivyo hivyo. Unaweza kupunguza umeme kwa kuegemea minara zaidi na chila kidogo, na PUE ikapendeza, huku mto ukilipa. Kwenye mji mdogo wa The Dalles, Oregon, kando ya mto Columbia, ilichukua kesi mahakamani kati ya mji na gazeti la The Oregonian hadi takwimu za maji ya vituo vya Google zikawekwa wazi mwishoni mwa 2022. Zilionyesha kwamba mwaka 2021 vilitumia zaidi ya robo ya maji yote ya mji. Google wameanza kuchapisha takwimu za maji kwa kila mahali. Hata hivyo asilimia 40 ya 2016 haikuja na lita.

La pili ni jumla. Vituo vya data vya Google vilitumia terawati-saa 14.4 mwaka 2020 na 30.8 mwaka 2024. Ndani ya muda huo PUE yao ilishuka hadi 1.09. Kwa hiyo kila seva ikawa inapozwa kwa umeme kidogo kuliko zamani, na bili yote ikazidi mara mbili. Kutoka 2023 hadi 2024 pekee matumizi yalipanda kwa asilimia 27. Rudi kwenye ile 1.6 yetu: kwa kasi hiyo ya ukuaji, akiba yote inamezwa ndani ya majuma matatu au manne. Miaka miwili ya kazi ya wahandisi bora, majuma matatu au manne.

Mwaka huo huo wa 2024 Google waliripoti kwamba hewa chafu inayotokana na umeme wa vituo vyao ilishuka kwa asilimia 12, ingawa matumizi yalipanda. Kilichoishusha kwa sehemu kubwa ni umeme safi walioununua: upepo, jua, na mingine iliyoingia kwenye gridi. Feni zilikuwa zimeshasema lake. Ukiwa kwenye 1.09 umebakiwa na tisa tu za kufukuzia, na kupoza ni sehemu tu ya hizo tisa.

Basi kazi yote ilikuwa bure? Sidhani. Ilifanyika kwenye jengo lisiloihitaji sana, basi. Jengo la 1.12 ni kama mgonjwa aliyekwisha kupona. Dawa inampunguzia mafua. Wagonjwa hasa ni majengo ya 1.6 na 2.0, viwanda vya vinywaji, mahospitali, maduka makubwa, ambako kupoza kunakula sehemu kubwa ya bili na asilimia 9 ya unyenyekevu ni fedha za kweli. Jim Gao naye inaelekea aliona hivyo, maana mwaka 2019 aliondoka na kuanzisha kampuni ya Phaidra pamoja na Vedavyas Panneershelvam, mwenzake wa DeepMind, na Katherine Hoffman, kupeleka udhibiti wa aina hii kwenye mitambo ya watu wengine. Kikwazo cha majengo hayo ni kile kile alichokuwa nacho yeye bure mwaka 2014 na wao hawana: mita.

Kwetu suala hili limekaribia mlango. Mei 2024 Microsoft na G42 ya Abu Dhabi walitangaza mpango wa kituo cha data Olkaria, karibu na Naivasha, kitakachotumia umeme wa joto ardhi, kikianza na megawati 100. Mahitaji ya juu kabisa ya Kenya nzima ni megawati elfu mbili na kitu. Naivasha ina baridi ya nyanda za juu na hewa inayokauka, mtungi ungefanya kazi vizuri. Lakini ina ziwa linalogombaniwa na wakulima wa maua, wavuvi na viboko. Mtu akija na mchoro wa mstari unaoporomoka kuhusu mahali pale, nitamwuliza lita kwanza.

Kuhusu chumba changu: mwongozo unaotumiwa na sekta, wa ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa upozaji, unaruhusu hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Nilipousoma, nilinunua vipimajoto viwili vya bei ndogo, nikavibandika mbele ya makabati, nikatoa rimoti kwenye rababendi. Nyuzi 18 wiki ya kwanza, 20 ya pili, 22, hatimaye 24. Hakuna seva iliyolia. Kiyoyozi kimoja kikawa kinapumzika saa nzima bila kuwaka. Bosi aliponiuliza tumeokoa kiasi gani, sikuwa na jibu, kwa sababu mita ilikuwa moja tu kwa ghorofa yote, na mwezi ule ule idara ya fedha ililetewa jokofu jipya. Aliyelalamika ni mlinzi wa usiku peke yake. Alikuwa na kawaida ya kuacha chupa yake ya maji humo ndani, na sasa, alisema, yanatoka vuguvugu.